Watoto wanataka Disney, mfuko unataka Indiana: bustani tatu kwa familia inayoanzia safari Louisville

Mwanangu wa kati ana miaka 7, na tangu ajue kusoma hakuna siri nyumbani. Majuzi alinikuta mezani na kalamu. Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme nilikuwa nimeandika maneno manne: petroli, tiketi, kulala, kula. Akayasoma kwa sauti, akasita kwenye la mwisho.

"Mama, kula si tunakula kila siku? Mbona umekuandika?"

Nikamwambia kula kwa jikoni na kula kwa ndani ya geti si kula kumoja. Akanitazama kama ninayemzungusha, akaenda zake. Lakini likizo za bustani za burudani hapa Marekani huharibikia hapo hapo. Watu tunalinganisha bei za tiketi kwa wiki nzima, kumbe tiketi ni pesa ya kwanza tu kutoka. Zinazofuata ndizo zinazouma: maegesho, chupa ya maji, sahani ya kuku, kitanda cha usiku wa pili.

Ninaandika nikiwa Louisville, Kentucky, mji ambao siku hizi ukipanda basi asubuhi unaweza kusikia Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Mombasa kabla hujafika kazini. Kwa hiyo maili zote zinaanzia hapa. Aliye Lexington au Bowling Green ataongeza na kupunguza mwenyewe.

Bustani zenyewe ni tatu. Holiday World iko kwenye kamji kanakoitwa Santa Claus, kusini mwa Indiana. Dollywood iko Pigeon Forge, Tennessee, chini ya milima ya Smoky. Walt Disney World iko karibu na Orlando, Florida. Kentucky Kingdom nimeiacha kwa sababu iko hapa hapa mjini, unakwenda Jumamosi na kurudi, hiyo siiiti likizo. Kings Island ya Ohio nayo ni nzuri, hasa ukiwa na vijana wanaopenda kutishwa, ila kwa mfuko wa kubana inagongana na Holiday World, na kule maegesho unalipia.

Nitakavyozipima

Zote tatu nitazipitisha kwenye mambo yale yale: njia, geti (tiketi na maegesho), chakula, kimo cha watoto, kulala, na cha bure kilicho jirani. Jua na foleni nitavigusa tu.

Kipimo ni familia yetu, kwa kuwa ndiyo ninayoijua matumbo yake: baba, mama, binti wa miaka 12, huyu msomaji wa miaka 7, na kitinda mimba wa miaka 2. Wenye watoto sita wazidishe, tena kwenye sehemu ya kulala wasome mara mbili.

Njia

Holiday World ni maili kama 75, barabara ya I-64 kuelekea magharibi, saa moja na robo. Gari letu linakula galoni moja kwa maili 20, basi kwenda na kurudi ni galoni 7 na nusu. Galoni ikiwa dola 3, hiyo ni kama dola 23. Kuna kitu kimoja tu cha kukumbuka: Santa Claus inafuata saa za kati, sisi tunafuata za mashariki. Ukitoka nyumbani saa tatu asubuhi unafika saa tatu na robo. Simu hujirekebisha, saa ya gari yetu haijirekebishi. Mwaka wa kwanza mume wangu alitukimbiza kweli kweli, tukafika geti bado limefungwa, tukakaa garini tukila maandazi yaliyokuwa ya mchana. Usiku saa ile inarudishwa. Bustani ikifungwa saa mbili usiku kwao, nyumbani unaingia saa nne na robo, watoto watatu wakiwa mizigo ya kubeba.

Dollywood ni maili kama 270. Unapita Lexington, unashuka na I-75 mpaka Knoxville, kisha I-40 mpaka njia ya kutokea namba 407. Ni saa nne na nusu za kuendesha, ukiwa na mtoto wa miaka 2 sema sita. Galoni 27, dola 81. Pale 407 kuna Buc-ee's, kituo cha mafuta kikubwa kuliko masoko mengi niliyokulia karibu nayo. Vyoo vyake ni visafi. Nenda chooni, jaza mafuta, rudi garini, na watoto wasiingie na hela mkononi.

Disney ni maili kama 860, Nashville, Chattanooga, Atlanta, halafu Florida ambayo haiishi. Saa 13 bila kusimama, na hakuna asiyesimama. Galoni 86, dola 258 kwenda na kurudi, na hapo ama una madereva wawili ama unalipia moteli njiani. Ndege za bei chee zipo, lakini begi linalipiwa, na ukishuka unahitaji gari tena. Halafu kuna mtego wa kitinda mimba. Disney mtoto wa chini ya miaka 3 anaingia bure, lakini kwenye ndege aliyetimiza 2 analipiwa kiti kama wewe.

Geti

Holiday World maegesho ni bure. Tiketi unanunua mtandaoni kwa tarehe, na bei inabadilika siku kwa siku. Kwa kawaida ni karibu nusu ya tiketi ya chini kabisa ya Disney, siku nyingine chini ya hapo. Mtoto wa miaka 2 halipi. Tiketi hiyo hiyo inakuingiza Splashin' Safari, bustani yao ya maji iliyofunguliwa mwaka 1993, na maboya ya kuelea na jaketi za kuokolea hulipii. Wenyewe wapo tangu 1946, wakati huo wakiitwa Santa Claus Land, na mpaka leo pana hewa ya duka la familia.

Dollywood, mwaka 2024, mtu mzima alilipa kiasi cha dola 90 kabla ya kodi kwa siku moja. Utu uzima wao unaanza miaka 10. Wa miaka 4 mpaka 9 anapunguziwa kidogo, wa 3 kushuka chini ni bure. Familia yangu inakaribia dola 350, na maegesho unalipia. Kinachoiokoa ni kwamba ukinunua siku mbili kwa pamoja, ya pili inaongeza pesa kidogo sana. Bustani yao ya maji, Splash Country, ina tiketi yake peke yake, usije ukafika umewavalisha watoto nguo za kuogelea. Wenye watoto wa umri wa chekechea waangalie pasi ya msimu ya bure ambayo Dollywood imekuwa ikiitoa kwa umri huo. Unajiandikisha mtandaoni mapema.

Sasa Disney. Mwaka 2025 tiketi ya siku moja ilianzia dola 119 kabla ya kodi. Kwetu wanaolipa ni wanne, na binti wa miaka 12 kwao ni mama mzima. Nne mara 119 ni 476. Wa miaka 7 anapunguziwa dola chache, kodi inakuja kuzirudisha. Weka dola 500 kwa siku moja, kwenye ile ya bei ya chini kati ya bustani zilizomo humo ndani, Animal Kingdom, siku isiyo na watu. Magic Kingdom, yenye ile ngome wanayoijua watoto wote duniani, siku za Krismasi mwaka huo ilipanda mpaka dola 199 kwa kichwa. Tiketi za siku nyingi hushusha bei ya kila siku, kwa hiyo Disney inampa nafuu anayekaa. Maegesho ni dola 30 au zaidi kwa siku, ila ukilala kwenye hoteli zao hulipi.

Tahadhari moja kwa Pigeon Forge na Orlando kwa pamoja. Barabarani utaona vibanda vinauza tiketi kwa bei ya kutupa. Nyingi ya hizo zina sharti: ukae asubuhi nzima usikilize watu wakikuuzia sehemu ya nyumba ya likizo. Rafiki yangu alitoka humo baada ya saa nne, bila nyumba alhamdulillahi, lakini na watoto waliokwisha lia wakanyamaza. Tena tiketi ya Disney iliyokwisha kutumika siku moja na mtu mwingine haihamishiki, hata mwenye nayo akuapie.

Chakula, ambacho nimekiandika

Mwaka fulani tulikwenda bustani moja ambayo si miongoni mwa hizi tatu. Niliamka saa kumi alfajiri nikapika pilau, nikaliweka kwenye hotipoti, kachumbari pembeni, maji ya kutosha kwenye deli. Tulipofika getini kijana akafungua deli, akafunga, akatuonyesha bango. Chakula cha nje hakiingii. Ilikuwa Julai. Tukarudisha kila kitu garini, tukaingia mikono mitupu, na saa nane mchana tukalipa dola 78 kwa vipande vya kuku na chipsi vya watu wanne, huyu mdogo akiwa bado tumboni. Jioni tulipofungua gari, harufu ndiyo iliyotupokea. Bango lilikuwepo kwenye tovuti yao siku zote. Sikusoma.

Tangu hapo, kabla ya bei ya tiketi mimi naangalia sheria ya deli.

Holiday World inakuachia uingie na chakula chako na deli lako, mradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Juu ya hapo, soda ni bure ndani, tangu mwaka 2000. Bure kabisa: unakwenda kwenye kituo cha soda, unajaza, unarudi, unajaza. Krimu ya kujikinga na jua nayo ni bure. Kwa sisi tunaokula halali, na kwa yeyote mwenye watoto wenye njaa ya kila saa, hii ndiyo sababu bustani hii inatajwa sana mitaani kwetu. Ubaya wake ninausema pia: binti yangu alikunywa bilauri saba kabla ya adhuhuri, na safari ya kurudi tulisimama Ferdinand, tukasimama Corydon, tukasimama pasipo na jina.

Disney wanakuruhusu pia, na wengi hawalijui hilo. Unaingia na chakula cha nyumbani na deli lisilozidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Vioo hapana, ila vichupa vya chakula cha mtoto mchanga vinapita. Barafu iliyomwagwa hapana, tumia zile pakiti za kugandisha. Maji ya barafu kwenye bilauri unaomba bure kwenye vibanda vya chakula vya haraka, huhitaji kununua kitu. Ugumu wa Disney ni kwamba unalibeba wewe, siku nzima, kwenye joto, na vile vitoroli vya kukokota wamevipiga marufuku. Sambusa, chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha na matunda vinastahimili. Wali na mchuzi uache hotelini.

Dollywood deli haliingii. Unachoweza ni kutoka, kula kwenye gari, kisha kurudi ndani na tiketi yako ya siku hiyo. Kiwanja cha maegesho ni kikubwa na kwenda na kurudi kunakula muda, kwa hiyo panga mlo mmoja mzito wa nje badala ya vitafunio vinne. Na ukiwa ndani, fika Grist Mill, kinu chao cha nafaka, watu hununua mkate wa mdalasini unaotoka motoni. Ni mzito, una siagi mpaka vidoleni. Mmoja tuligawana watano. Katika vitu vyote nilivyowahi kununua ndani ya geti, huo sijaujutia.

Kimo

Hapa ndipo pesa hupotea bila mtu kuona. Unamlipia mtoto tiketi nzima, halafu kila anapofika kwenye kifimbo cha kupimia anageuzwa.

Msomaji wangu ana inchi 47, sawa na sentimita 119, na viatu. Nimempima mlangoni mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta amevaa soksi jozi mbili.

Holiday World sifa yake kubwa ni rola kosta za mbao, vile vigari vya relini vinavyopandishwa taratibu kisha vinaachiliwa mpaka roho inabaki juu. The Raven ya mwaka 1995 na The Voyage ya 2006 zinataka inchi 48. Amekosa kwa inchi moja, na atabaki kumtazama dada yake akizipanda na baba yao. Kwa umri wake kuna Good Gravy!, iliyofunguliwa 2024, inayotaka 38 tu, na kuna maji, ambayo kwa kweli ndiyo yanayomaliza siku yao. Mdogo ana sehemu yake ya maji ya kina kifupi na vigari vya watoto.

Dollywood imegawanyika vizuri. FireChaser Express na Big Bear Mountain zinataka inchi 39, basi wa miaka 7 anapanda rola kosta za kweli, si za kubembelezwa. Wild Eagle inataka 50, hiyo ni ya binti. Mdogo ana Wildwood Grove, sehemu iliyofunguliwa 2019 ikiwalenga watoto wadogo. Na wote watano mnapanda treni ya makaa ya mawe, inayopiga honi na kupanda mlima ikitoa moshi. Mama mkwe wangu, aliyewahi kusafiri na treni ya reli ya kati kutoka Kigoma, alikaa kwenye benchi lile akafunga macho, akasema, "Sasa hii ndiyo safari." Chembe za makaa huruka, kaa mbali kidogo na kichwa cha treni.

Disney ndiyo yenye huruma kuliko zote kwa watoto wafupi. Kwa inchi 47 mwanangu angepanda Space Mountain (44), Tiana's Bayou Adventure (40), Seven Dwarfs Mine Train (38), Slinky Dog Dash (38). TRON ingemkataa, inataka 48. Na viko vingi visivyo na kipimo chochote, ambavyo mtoto wa miaka 2 anapakatwa anaingia. Mtoto wa chini ya miaka 3 kule anapata mengi, tena bure. Panapokuwa na kizuizi cha kimo, mzazi mmoja anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Waulize wahudumu mlangoni kabla hamjajipanga.

Kulala

Holiday World hulali. Huo ndio uzuri, na kwa wengine ndio upungufu, maana mtoto akiamkia kitandani kwake haamini kama alikwenda likizo. Anayetaka kulala, jirani na geti kuna Lake Rudolph, kambi yenye mahema na vibanda vya mbao, na basi la bure la kukupeleka bustanini.

Pigeon Forge ni nchi ya moteli na nyumba za mbao milimani. Moteli inatosha familia kama yangu. Lakini pesa inaokolewa kwenye nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu vinne na jiko, mkiwa familia mbili. Tulifanya hivyo na jirani zetu wa kutoka Uvira. Wao walileta sufuria ya ugali na dagaa, mimi nikaleta unga wa chapati na nyama iliyokwisha kukatwa na kugandishwa. Usiku wa kwanza hatukutoka. Kabla ya kulipa, kubalianeni nani analala wapi na nani anaosha vyombo. Urafiki umevunjika kwa madogo kuliko hayo.

Disney ina hoteli zake za bei ya chini, kama All-Star na Pop Century. Basi la kwenda bustanini ni bure, maegesho bure, na unaingia nusu saa kabla ya wengine. Ila chumba cha kawaida ni watu wanne, na mtoto wa chini ya miaka 3 kwenye kitanda chake kidogo hahesabiwi. Sisi leo tunaingia. Mdogo akitimiza miaka 3 tunahitaji vyumba viwili au kile kikubwa cha familia, na hapo bei inabadilika sura. Familia ya watoto watano na bibi isipoteze muda huko. Itafute nyumba ya kupanga Kissimmee au Davenport, yenye jiko na mashine ya kufulia, ikubali kulipia maegesho.

Cha bure kilicho jirani

Siku ya likizo isiyo na geti ndiyo inayopumzisha mfuko.

Karibu na Holiday World kuna mahali Abraham Lincoln alipokulia, tangu 1816 akiwa na miaka 7 mpaka 1830, na kaburi la mama yake, Nancy, aliyefariki 1818. Binti yangu alikwenda akiwa amenuna, akakaa kwenye lile kaburi muda mrefu kuliko mimi.

Dollywood hapa inazipita zote. Hifadhi ya Great Smoky Mountains haina kiingilio. Ukisimamisha gari zaidi ya dakika 15 unahitaji stika ya maegesho, dola 5 kwa siku au 15 kwa wiki, kwa gari zima na watu wake. Mito ya mawe, maji ya baridi ya kuumiza miguu, na ukibahatika dubu, yeye kule na wewe ndani ya gari.

Disney yenyewe haijajengwa ili utoke. Lakini Florida ina bahari, na Cocoa Beach ni mwendo wa saa moja na kitu. Mimi ni mtu wa Tanga. Sitajifanya kwamba hilo halikuingia kwenye hesabu zangu.

Jua na foleni

Florida kiangazi ni joto la kunata, na mvua ya radi karibu kila alasiri. Foleni za Disney ni ndefu na kuzikwepa kunauzwa, kila mtu analipia. Dawa ya maskini ni kufika kabla ya geti kufunguliwa na kuondoka saa saba mchana mkalale. Holiday World epuka Jumamosi. Dollywood ina miti na vivuli, lakini pia ina milima: kigari cha mtoto utakisukuma na utakizuia. Na kwa wanaositiri mwili, slaidi nyingi za maji hukataa nguo yenye zipu au vyuma. Shona au nunua ya kitambaa cha kuogelea, isiyo na chuma, msije mkabishana juu ya ngazi.

Ukiwa hivi, fikiria hivi

Pesa yote ni dola 300 au 400, na watoto wanataka kuloa: hizo ni hesabu za Holiday World, siku moja, deli limejaa. Zikibaki, usirudi siku ya pili kwa mazoea. Nunua viatu vya shule.

Una mchanganyiko wa umri, bibi yupo, na kuna mtu mzima anayehitaji kupumzika kweli: Dollywood siku moja, milima siku mbili, nyumba ya kugawana. Asiyependa kelele atakaa barazani. Bila familia ya kugawana naye nyumba, piga hesabu upya kwa moteli, huenda mkapunguza usiku mmoja.

Mtoto wako wa mwisho yuko chini ya miaka 3, na wakubwa wamefikisha inchi 44: Disney haitakuwa rahisi zaidi ya sasa. Ila usiifanye kwa kadi ya mkopo. Akina mama wa mtaani kwetu tunacheza upatu, jirani zangu Wakongo wanauita likelemba. Omba zamu yako iangukie Januari au Februari, uongeze marejesho ya kodi, nenda siku ambazo si za sikukuu. Na ukienda, kaa siku tatu nne. Kuendesha saa 26 kwa ajili ya siku moja ni kulipia barabara.

Una kijana wa miaka 15 anayetaka kutishwa na hana habari na ngome za wana wa mfalme: Voyage ya Indiana itamnyamazisha, na Wild Eagle pia. Disney kwake itakuwa foleni.

Una watoto watano na kuendelea: kabla ya tiketi angalia kitanda. Kwa idadi hiyo safari ya kulala nyumbani au ya jiko la kugawana inabadilisha kila kitu, na Disney inawezekana kwa nyumba ya kupanga tu.

Sisi mwaka huu? Bahasha bado iko mezani. Msomaji amechora mstari mlangoni kwa kalamu ya mafuta, inchi 48 kamili, na kila asubuhi kabla ya uji anakwenda kusimama chini yake bila viatu, halafu na viatu.